RELI NA MKULIMA WA IBABA

Ibaba haina stesheni ya reli. Kata hiyo ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe, iko milimani, na njia ya reli hupita mbali upande wa kaskazini, ikitoka Mbeya kwenda Vwawa na Tunduma, kisha ikavuka mpaka na kuingia Zambia. Mtu wa Ibaba atakaye kuliona garimoshi hana budi ateremke milima, na wakati wa masika safari hiyo si ya mzaha. Hata hivyo twathubutu kusema kwamba habari za reli ni habari za Ibaba pia, na kwamba mambo yanayoamuliwa sasa juu ya Reli ya Uhuru yatagusa bei ya gunia la viazi huko milimani kwa miaka thelathini ijayo.

Twasema miaka thelathini kwa sababu ndiyo muda uliotajwa. Mwezi Septemba 2025, serikali za Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na kampuni ya ujenzi ya China iitwayo CCECC, ili kampuni hiyo iifufue reli ya TAZARA na kuiendesha. Fedha zilizotajwa ni dola za Marekani bilioni 1.4. Miaka 3 ya kwanza ni ya ukarabati, na miaka 27 inayofuata ni ya uendeshaji. Mtoto aliyezaliwa Ibaba mwaka huo atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla mkataba huo haujakwisha. Basi yafaa tujiulize mapema, wala tusingoje mambo yaharibike ndipo tuulize: je, katika reli hiyo mpya, mkulima mdogo atakuwa na nafasi gani?

Ili tupate jibu la haki, yatupasa kwanza tukumbuke reli hii ilitoka wapi.

ILIVYOZALIWA

Wakati Zambia ilipopata uhuru wake mwaka 1964, shaba yake, ambayo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa nchi, ilipita kwenda baharini katika nchi zilizotawaliwa na wageni. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia utawala wao, na tangu siku hiyo Zambia ikawa kama mtu ambaye mlango wa nyumba yake uko mikononi mwa adui. Njia ya kuponyoka ilikuwa moja tu, nayo ni kuelekea kaskazini na mashariki, kupitia Tunduma mpaka bandari ya Dar es Salaam. Lakini njia hiyo ilikuwa ya udongo. Malori yaliyobeba mafuta na shaba yalizama katika tope na kupinduka milimani, na madereva wengi walipoteza maisha. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, lilipunguza taabu, lakini bomba halibebi shaba wala halibebi watu.

Wazo la reli lilikuwapo zamani, ila wenye fedha walilikataa. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilipima jambo hilo ikasema kwamba reli hiyo haingekuwa na faida. Hapo ndipo Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walipogeukia China. Mwalimu alikwenda huko mwezi Februari 1965, Kaunda akaenda mwaka 1967, na tarehe 5 Septemba 1967 mapatano ya nchi tatu yalitiwa sahihi mjini Beijing. China yenyewe wakati huo haikuwa nchi tajiri. Ilitoa mkopo usio na riba, ambao ulipaji wake ungechukua miaka 30. Na gharama za hapa nyumbani, kama mishahara ya vibarua, zililipwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Wazee wanaokumbuka vitambaa na vyombo vya Kichina vilivyojaa madukani miaka hiyo wafahamu kwamba kila aliyenunua alikuwa anasaidia kuijenga reli.

Kazi ilianzishwa rasmi mwezi Oktoba 1970. Katika mwaka 1972 walikuwapo kazini Waafrika wapatao 38,000 na Wachina wapatao 13,500. Vijana wengi wa kwetu waliandikishwa kupitia Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Kati ya Mlimba na Makambako nchi ni ya mabonde na magenge, na hapo ndipo reli ilipodai jasho zaidi, na damu pia. Katika njia nzima yalijengwa madaraja 320 na mahandaki 22. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Nao vijana wetu waliokufa milimani hawapaswi kusahauliwa.

Mwezi Agosti 1973 mataruma na vyuma vya reli vilifika Tunduma. Mwezi Juni 1975 vilifika Kapiri Mposhi, na tarehe 14 Julai 1976 reli nzima, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Kilomita 975 ziko upande wetu, na 885 upande wa ndugu zetu. Mahali palipo juu kuliko pote katika njia hiyo ni Uyole, karibu na Mbeya, ambapo reli hupanda mpaka kimo cha karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo watu wa nyanda za juu za kusini wana haki ya kusema kwamba reli hii, katika kilele chake, ni yao.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Si kila msomaji amepata nafasi ya kujua jinsi garimoshi linavyoendeshwa, nasi twaona ni vema tueleze kidogo, maana hoja yetu imesimama juu ya jambo hilo.

TAZARA ni reli ya njia moja. Treni itokayo Dar es Salaam na ile itokayo Zambia hutumia vyuma vile vile, nazo haziwezi kupishana ila mahali penye njia ya pembeni, yaani stesheni. Treni hairuhusiwi kuondoka stesheni moja mpaka ijulikane kwa yakini kwamba kipande cha njia kilicho mbele yake ni kitupu. Basi stesheni ndogo ya porini, ambayo abiria wake ni wachache, yafanya kazi mbili. Inawapakia watu, na tena inazipisha treni. Ukiifunga kwa sababu abiria wake ni haba, umekirefusha kipande cha njia. Treni moja itangoja muda mrefu zaidi mpaka mwenzake apite, na idadi ya treni zinazoweza kupita kwa siku itapungua. Asemaye kwamba stesheni ndogo ni mzigo mtupu hajaifahamu reli ya njia moja.

Jambo la pili ni upana wa njia. Reli ya Kati na ile ya Tanga, zilizojengwa na Wajerumani, zina upana wa mita moja. TAZARA ina upana wa milimita 1,067, sawa na reli za Zambia, Kongo na nchi za kusini. Tofauti hiyo ya milimita 67 ni ndogo kuliko kidole cha mtu mzima, lakini imefanya behewa la Reli ya Kati lisiweze kuingia katika TAZARA. Kwa upande mwingine, behewa lililopakiwa Vwawa au Tunduma laweza kuvuka mpaka likaenda mbali sana kusini bila ya mzigo kushushwa. Hiyo ni neema ambayo mkoa wetu wa mpakani bado haujaitumia ipasavyo.

KUPANDA NA KUSHUKA

Katika miaka ya mwanzo reli ilibeba mzigo zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Haikufikia kamwe kiasi cha tani milioni mbili kilichokusudiwa, lakini ilitimiza kazi yake kubwa ya kisiasa: Zambia haikunyongwa. Rhodesia ilipofunga mpaka wake mwaka 1973, na njia ya Benguela ilipozibwa na vita vya Angola mwaka 1975, shaba ilipita kwetu. Adui alilijua hilo, na ndiyo maana mwezi Oktoba 1979 askari wa Rhodesia walilipua daraja la Chambeshi huko Zambia.

Matatizo mengine hayakutoka kwa adui. Injini za kwanza zilikuwa dhaifu katika mwinuko mkali, na katika miaka ya 1980 ikabidi ziongezwe injini nyingine zenye nguvu zaidi. Mafuriko yalibomoa njia mara kwa mara. Kisha siasa za dunia zikageuka. Afrika Kusini ilipopata uhuru wa kweli mwaka 1994, bandari za kusini zilikuwa wazi, na Zambia haikulazimika tena kupitia Dar es Salaam. Barabara kuu nayo ilikuwa imewekwa lami, na malori yakaongezeka mwaka hadi mwaka. Fedha za matengenezo zilipokosekana, injini zikasimama. Injini zilipopungua, mzigo ukachelewa. Mzigo ulipochelewa, wenye mali wakahamia barabarani. Nao walipohama, fedha zikazidi kupungua. Katika mwaka 2014/2015 mzigo wote wa TAZARA haukufika hata tani 100,000. Wafanyakazi walikaa miezi bila mishahara, na mara nyingine wakagoma.

Matokeo yake kila mtu wa Tunduma ayajua. Mstari wa malori katika barabara iendayo mpakani umekuwa sehemu ya sura ya mji. Mzigo ambao ungevutwa na treni moja umetawanywa katika malori mengi, barabara inachakaa kabla ya wakati wake, na ajali zinachukua watu. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 kimesaidia, lakini hakiwezi kuwa badala ya reli.

TRENI YA WATU WADOGO

Tukizungumza habari za TAZARA, wakubwa hutaja shaba. Lakini ilikuwapo reli nyingine juu ya vyuma vile vile, nayo ni treni ya kawaida, ile isimamayo kila stesheni. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake juu ya reli hii kilichotoka mwaka 2009, alizipekua stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa toka stesheni ndogo, akaonyesha jinsi wakulima na wachuuzi wa Kilombero mpaka Makambako walivyoigeuza treni hiyo kuwa soko lao. Mchele wa bondeni ulipanda milimani, mahindi na maharage ya milimani yakateremka bondeni. Mahali palipokuwa msitu pakawa kijiji, na kijiji kikawa mji mdogo, kwa sababu treni ilisimama hapo dakika chache.

Hesabu za shirika hazikuliona jambo hilo kuwa kubwa, maana vifurushi vya wachuuzi ni fedha kidogo ukivilinganisha na behewa la shaba. Ila kwa mwenye kifurushi hicho, ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mwenye pishi hakioni kibaba.

Hata mjini reli hii imewahi kuonyesha kwamba yaweza kuwatumikia wananchi wa kawaida. Mwezi Oktoba 2012 ulianzishwa usafiri wa treni kwa wakazi wa Dar es Salaam, na njia moja ilikuwa juu ya vyuma vya TAZARA. Watu waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, wakaiita treni ya Mwakyembe, na asubuhi walijaa humo wafanyakazi na wanafunzi ambao zamani walisukumana milangoni mwa mabasi. Watu hawaikatai treni ikifika kwa wakati na nauli yake ikiwa nafuu.

MFANO WA MBALI

Wako watakaosema kwamba treni ya abiria haina faida, na kwamba mwenye kutia fedha zake ana haki ya kuchagua mzigo unaolipa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na haifai kuijibu kwa maneno matupu. Tuwatazame Wajapani, ambao nao reli zao nyingi za kawaida zina upana ule ule wa milimita 1,067 kama TAZARA.

Mwaka 1987 serikali ya Japani ilivunja shirika lake la reli, lililokuwa limezama katika madeni, na reli nyingi ndogo za mikoani zilionekana kuwa hazina faida. Nyingine zilifungwa, mabasi yakashika nafasi yake. Lakini nyingine zilikabidhiwa kwa makampuni ambayo mikoa, miji na wafanyabiashara wa mahali hapo waliyamiliki kwa pamoja, wakakubali kuibeba hasara kwa macho wazi, kwa sababu walipima faida ya wanafunzi, wazee na masoko. Iko pia reli ndogo ya Choshi, katika Mkoa wa Chiba, yenye urefu wa kilomita 6.4 tu, iliyofunguliwa mwaka 1923. Kampuni yake ilipokaribia kufa mwaka 2006, iliwaomba wananchi wanunue biskuti zake za mchele ili ipate fedha za kutengeneza treni, nao wananchi wakanunua kwa wingi hata reli ikapona.

Hatusemi kwamba TAZARA iuze vitumbua. Tunalosema ni hili: nchi tajiri yenye reli nyingi haikuacha kila jambo liamuliwe na faida ya kampuni. Iliuliza nani anahitaji reli, kisha ikakubaliana waziwazi nani atalipa. Hasara inayojulikana na kugawanywa kwa haki si aibu. Aibu ni kuwanyima watu usafiri kimyakimya, halafu kusema kwamba hawakuutaka.

YATUPASAYO

Sasa turudi Ibaba. Milima ya Ileje hutoa viazi, maharage, mahindi, pareto na kahawa. Mkulima mwenye magunia kumi hawezi kukodi behewa, kwa kuwa behewa la tani 40 lahitaji magunia 400 ya kilo mia mia. Lakini wakulima arobaini wenye magunia kumi kumi wanalijaza. Hapo ndipo ushirika unapopata maana yake ya asili. Chama cha ushirika kikiwa na ghala karibu na stesheni ya Vwawa au Tunduma, na kikijua siku ya treni na bei ya kusafirisha, mkulima hatalazimika kumngoja mlanguzi aje na lori lake na mizani yake. Bila ya ghala, bila ya ratiba ya kuaminika, na bila ya bei iliyobandikwa ukutani, reli mpya itapita Songwe kama ndege ipitavyo angani: twaisikia, hatuipandi.

Kwa hiyo twatoa rai yetu kwa viongozi wa nchi zote mbili, na kwa kampuni iliyopewa dhamana.

Kwanza, treni ya kawaida isimamayo stesheni ndogo ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi ya reli, wala isiwe sadaka itolewayo mzigo ukipungua. Kama ina hasara, serikali iseme hasara hiyo ni kiasi gani, na ilipe.

Pili, katika treni za mizigo itengwe nafasi ya mazao ya vyama vya ushirika, kwa bei inayojulikana mapema. Shaba na isafiri, lakini viazi havingoji, vikikaa vinaoza.

Tatu, vijana wa mikoa inayopitiwa na reli wafundishwe udereva wa treni, ufundi na ukuu wa stesheni. Miaka 30 itakwisha, na siku hiyo tusije tukakabidhiwa tena reli ambayo hatuna watu wa kuitunza. Somo la baada ya mwaka 1976 latosha.

Nne, na hili ni la halmashauri zetu wenyewe, barabara za kutoka milimani zitengenezwe. Barabara ya lami kutoka Mpemba mpaka Isongole imekwisha kuonyesha jinsi nchi ya Ileje inavyofunguka ikipata njia. Lakini mazao hayaanzii kwenye lami; yanaanzia katika vijia vya Ibaba na kata nyingine za juu, ambako masika huyafunga. Reli ya mabilioni haimfai mtu ambaye hawezi kuifikia kwa sababu ya kilomita chache za tope.

Nao wananchi wana wajibu wao. Vyuma vya reli, nyaya na mataruma vimekuwa vikiibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Mwenye kufanya hivyo anajiibia mwenyewe, tena anawaibia waliolala Gongo la Mboto na katika milima ya Mlimba. Zamani vijiji vilivyo kando kando ya reli vilipewa kazi ya kuilinda dhidi ya adui wa nje. Siku hizi adui huyo hayupo, lakini ulinzi bado unatakiwa.

Reli hii ilijengwa wakati wataalamu wa dunia waliposema haina faida, nasi tukajibu kwamba uhuru wa jirani yetu ni faida. Jibu lile lilikuwa sahihi, na historia imelithibitisha. Leo swali limerudi kwa sura nyingine, nalo linawahusu wakulima wadogo wa nchi yetu wenyewe. Twataraji litajibiwa kwa moyo ule ule, na litajibiwa katika miaka hii 3 ya ukarabati, wakati stesheni zinapopimwa na ratiba zinapopangwa. Zege likishakauka, kulibomoa ni kazi ngumu.